Namna ya kusoma mwisho ulioachwa wazi: Lily Dale na wasomaji wake

Msomaji anayefunga riwaya kwa hasira kwa sababu haikuisha alivyotaka ana jambo la kueleza, ila hasira peke yake si uhakiki. Utaratibu huu unamfaa msomaji mmoja au kikundi cha watu wanne hadi wanane. Kisa ni cha Lily Dale, mhusika wa Anthony Trollope, mwandishi Mwingereza wa karne ya 19, kinachoanzia The Small House at Allington na kuendelea katika The Last Chronicle of Barset, riwaya mbili za mwisho za mfululizo wa Barsetshire, jimbo la kubuni. Zote mbili zinapatikana bure katika Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni. Ukitumia nakala ya kuchapishwa, ruka utangulizi na maelezo ya jalada la nyuma, maana mara nyingi humtobolea msomaji siri yote.

Anza na ratiba. Riwaya ya kwanza ilitoka katika jarida la Cornhill kuanzia Septemba 1862 hadi Aprili 1864: sehemu 20 za kila mwezi, sura 3 kila sehemu. Soma sura 3, kisha simama, hata kama mkono unakuwasha kufunua ukurasa. Si lazima ungoje mwezi. Siku mbili tatu zinatosha. Aliyekulia kwenye hadithi za magazetini zilizokatwa kwa neno “Itaendelea” anajua kinachotokea katika siku hizo: msomaji huanza kutunga mwisho wake mwenyewe. Huo ndio tunaoutafuta. Ukimeza sura 20 usiku mmoja hutapata nafasi ya kuutunga.

Kila kikao, gawa ukurasa wa daftari safu tatu: kilichotokea (sentensi moja), unachotaka kitokee, na unachodhani kitatokea. Kazi nyingi huharibika hapa, kwa kuchanganya safu ya pili na ya tatu. Adolphus Crosbie anamchumbia Lily, na muda mfupi baadaye anamwacha kwa ajili ya Lady Alexandrina de Courcy. Wengi huandika mara moja kwamba wanataka Lily aolewe na Johnny Eames, aliyempenda tangu zamani, kisha wanaandika hivyo hivyo kwenye safu ya tatu. Safu hizo zikifanana vikao vitatu mfululizo, rudi nyuma utafute kauli ya Lily mwenyewe inayounga mkono dhana yako. Ukiikosa, hayo ni matamanio yako tu. Yaandike kwa jina hilo.

Riwaya inaisha Lily hajaolewa. Usifungue ya pili siku hiyo. Wasomaji wa wakati ule walikaa zaidi ya miaka miwili na nusu, kwani The Last Chronicle ilianza Desemba 1866, ikauzwa peni 6 kila wiki kwa sehemu 32. Jipe angalau wiki mbili, na uandike ukurasa mmoja wa ubashiri kabla ya kuendelea. Katika kikundi, karatasi hizo akabidhiwe mtu mmoja, zisifunguliwe hadi mwisho, la sivyo kila mtu atadai alijua.

Riwaya ya pili ina sura 84, na si lazima zote zisomwe kwa mwendo mmoja. Sura ya 35 na ya 77 zisomwe mara mbili. Katika ya 35 Lily anamwambia Johnny kwamba siku hiyo hiyo ataandika jina lake mwenyewe katika kitabu chake, na baada yake maneno mawili, “Old Maid”, ya kujitangaza mwanamke aliyezeeka bila mume. Johnny anatumaini ukurasa huo utachanwa siku moja. Lily anajibu kwamba hautachanwa kamwe. Sura ya 77 ndiyo ya kumkatalia kwa mara ya mwisho.

Sasa fanya jaribio. Andika maneno 150 ambamo Lily anakubali, kisha orodhesha matukio yote ya nyuma ambayo ingebidi yabadilishwe. Orodha ikiwa fupi, mwandishi alikunyima tu ulichotaka. Ikiwa ndefu (na kwa Lily huwa ndefu), mwisho ule ulijengwa tangu mapema, na lawama ya kwamba kitabu hakijaisha haina pa kusimama.

Baada ya hapo, si kabla, linganisha na wasomaji wa zamani. Trollope anaeleza katika tawasifu yake, iliyotoka 1883 baada ya kifo chake, kwamba barua za kumsihi amwoze Lily kwa Johnny hazikukoma. Yeye mwenyewe hakumpenda sana Lily. Alimwona anajifanya mwema kupita kiasi. Hata hivyo alishikilia kwamba wasomaji walimpenda kwa sababu hakuweza kuisahau shida yake. Ushahidi huu una tundu: ni mwandishi anayesimulia barua alizopokea. Tahakiki za magazeti nazo mara nyingi hazikutiwa jina la mhakiki. Usiseme “wasomaji wa Uingereza walisema” kwa kushika barua na tahakiki mbili tatu. Mwenye kununua sehemu ya peni 6 na mwenye kulipa gini moja (shilingi 21 za Kiingereza) kwa mwaka katika maktaba ya kuazimisha ya Mudie huenda hawakuwa watu wa tabaka moja.

Njia hii haifai bila marekebisho pale mwandishi alipokufa kazini. Elizabeth Gaskell alifariki Novemba 1865 Wives and Daughters ikiwa karibu kumalizika, na mhariri Frederick Greenwood akaongeza maelezo ya jinsi ingeisha. Simama maneno ya Gaskell yanapokoma, jaza safu zako tatu, ndipo umsome Greenwood. Kwa The Mystery of Edwin Drood, riwaya ya fumbo la kutoweka kwa Drood, Charles Dickens alifariki 9 Juni 1870 akiacha sehemu 6 kati ya 12. Jaribio la maneno 150 halifanyi kazi hapo, kwa kuwa hakuna mwisho wa kulinganisha nao. Badala yake tengeneza jedwali la dalili, kila moja na sura yake, umtaje mshukiwa wako. Ushuhuda wa rafiki yake John Forster kuhusu alichoambiwa na Dickens uachwe uwe wa mwisho kabisa kusomwa.