Kutoka Excel hadi PostgreSQL: kuhamisha kumbukumbu za duka la jumla bila kupoteza deni la mtu

Kazi hii nimeifanya kwa wauzaji wa jumla wa vifaa vya ujenzi, kwa hiyo mfano wangu ni wa huko: saruji, nondo, bati, wateja wanaochukua mali kwa mkopo, na faili za Excel ambazo kila moja ina mwenyewe. Natumia PostgreSQL, mfumo wa hifadhidata, kwa sababu ni ya bure na haina huruma na data mbovu.

Hatua ya 1: Kaa na anayejaza faili

Kabla ya yote, mwombe mhasibu au karani aingize mauzo ya siku hiyo huku unatazama. Kuna mahali nilikuta shiti ya wateja imejaa njano na chungwa.

"Dada, hizi rangi ni za nini?"

"Wa njano wamelipa nusu, kaka. Wa chungwa ndio bosi kasema wasikopeshwe tena."

Hakuna mahali pengine palipoandikwa hivyo. Ukihifadhi faili kama CSV (maandishi matupu yanayotenganishwa kwa koma, ndiyo tutakayoipakia baadaye), rangi zote zinafutika, na utaratibu mzima wa mikopo unaondoka nazo. Basi chuja kwa rangi, ongeza safu iitwayo "hali", kisha andika maneno: amelipa nusu, asikopeshwe. Maoni yaliyobandikwa kwenye seli nayo yahamishie kwenye safu yake. Kumbuka pia kwamba CSV hubeba shiti moja tu, ile uliyoifungua wakati huo.

Hatua ya 2: Funga nakala, hesabu mistari

Tengeneza nakala isiyohaririwa. Andika kwenye karatasi idadi ya mistari ya kila shiti na jumla ya kila safu ya fedha. Usiione kama kazi ya kupoteza muda. Mwaka 2020 huko England, visa 15,841 vya korona vilichelewa kuingia kwenye takwimu kwa sababu faili za .xls, muundo wa zamani wa Excel, huishia mistari 65,536, na iliyozidi ilikatwa bila mtu kugutuka.

Hatua ya 3: Chora majedwali

Jiulize: mstari mmoja unaeleza kitu gani? Shiti ya mauzo kwa kawaida hubeba mteja, bidhaa, mauzo na malipo kwa pamoja. Vitenganishe: wateja, bidhaa, ankara, vipengee vya ankara, malipo. Kila jedwali lipate ufunguo msingi wake (namba ya kipekee inayotambulisha kila mstari), na ankara ishike ufunguo wa mteja:

`mteja_id integer NOT NULL REFERENCES wateja`

Kwa mstari huo, ankara isiyo na mteja anayejulikana haiingii.

Hapa wengi hukosea bei. Bei ya leo ya mfuko wa saruji ikae kwenye bidhaa, lakini bei aliyouziwa mteja lazima iandikwe pia kwenye kipengee cha ankara. Usipofanya hivyo, siku saruji ikipanda, ankara zote za mwaka jana zitapanda nayo. Deni nalo usilihifadhi kama namba iliyoandikwa tu; likokotolewe kutoka ankara na malipo, pamoja na salio la kuanzia kwa madeni ya zamani.

Fedha ziwe `numeric`, inayotunza namba kamili, kamwe zisiwe `float`, inayokadiria. Simu, TIN (namba ya mlipakodi) na namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) ziwe `text`, yaani maandishi.

Hatua ya 4: Pakia kwanza kwenye majedwali ghafi

Tengeneza majedwali ghafi, ya kupokelea data tu, ambayo kila safu ni `text`, kisha pakia CSV kwa `\copy`, amri ya psql. Usisafishe chochote njiani.

Angalia namba za NIDA mapema. Zina tarakimu 20, na Excel ikizichukua kama namba hutunza 15 tu. Zinazobaki inazigeuza sifuri. Hizo haziokoki, rudi kwenye fomu za wateja. Sifuri ya mwanzo wa simu nayo huliwa, ila hiyo hurudishika. Na ukishatoa CSV, usiifungue tena kwa Excel na kuihifadhi, maana itaharibu upya.

Hatua ya 5: Safisha kwa kuuliza

Jina la mteja mmoja utalikuta kwa herufi kubwa, kwa kifupi, na kwa nafasi mbili katikati. Anza na simu, kwa tarakimu tisa za mwisho:

```
SELECT right(regexp_replace(simu, '\D', '', 'g'), 9) AS namba,
       count(*)
FROM ghafi_wateja
GROUP BY namba
HAVING count(*) > 1;
```

Usifute wanaofanana. Mume na mke wenye maduka mawili wanaweza kutumia simu moja. Tengeneza jedwali la kuoanisha jina la zamani na `mteja_id`, na anayeamua awe mtu wa mauzo.

Tarehe ndizo zilizowahi kunichosha zaidi. Kompyuta yenye mpangilio wa Marekani huisoma 03/04/2024 kama tarehe 4 Machi, ilhali 25/04/2024 inashindwa kuielewa na kuiacha kama maandishi. Kwenye Excel utaona tarehe nyingine zimeegemea kushoto, nyingine kulia. Ukiona hivyo, hata za kulia usiziamini. Linganisha na vitabu vya risiti.

Hatua ya 6: Hamisha, kisha linganisha hadi shilingi

Anza na `BEGIN`, inayofungua muamala, hamisha kutoka ghafi kwenda majedwali ya kweli, halafu toa ile karatasi ya hatua ya 2. Mistari ikipungua au jumla ikitofautiana, andika `ROLLBACK` kufuta yote uliyohamisha, na utafute sababu. Usiongeze mstari wa "marekebisho" ili hesabu zikae sawa. Huenda kosa liko Excel kwenyewe, fomula ya jumla haifiki mstari wa mwisho. Hapo mwite mwenye kampuni aone mwenyewe, kwa sababu ni fedha zake na za wateja wake. Vikilingana, `COMMIT` ili yabaki.

Hatua ya 7: Siku ya kuhama

Chagua mwisho wa mwezi, baada ya kuhesabu stoo. Siungi mkono kuingiza data kote kuwili kwa miezi. Watu wakichoka wanarudi Excel. Wiki mbili zinatosha, kisha faili za zamani zibaki za kusoma tu.

Kila usiku toa nakala rudufu kwa `pg_dump`, programu inayokuja na PostgreSQL, na uihifadhi nje ya ofisi. Kabla ya kuwakabidhi wahusika, irejeshe kwenye kompyuta nyingine, kokotoa deni la mteja mmoja, mpigie simu na umuulize kama ndilo analolijua.