Somo: Namna ya kumgeuza mtazamaji wa video kuwa shabiki wa bendi

Bendi zinazonijia kutaka ushauri kabla ya kurekodi video huuliza kwanza bei ya muongozaji, bei ya droni na mahali pa kukodi gari la kifahari. Ni nadra kuulizwa jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linaloamua kama fedha hizo zitarudi: mtazamaji akishamaliza kuitazama video hiyo, atabaki na nini cha kufanya? Mtazamaji ni mpita njia aliyechungulia dirishani; shabiki ni yule aliyeingia, akakaa, na kesho yake akamleta jirani. Somo hili linahusu namna ya kumtoa mtu dirishani na kumwingiza ndani.

Hatua ya kwanza: Tafuteni kitu ambacho watu watakifanya wenyewe

Mwezi Machi 2010 bendi ya Just a Band, iliyoanzishwa na vijana waliosoma Chuo Kikuu cha Kenyatta, ilipakia mtandaoni video ya wimbo wake Ha-He. Ndani ya video hiyo yumo mbabe mmoja anayewatandika wahalifu kwa mtindo wa filamu za mapigano za miaka ya 1970, na jina lake ni Makmende. Jina hilo halikubuniwa na bendi. Watoto waliokulia Nairobi katika miaka ya 1990 walilitumia kumkebehi yeyote aliyejitia ushujaa, na inasemekana asili yake ni maneno ya mwigizaji wa Marekani Clint Eastwood, "make my day", yaliyosikika vibaya sinemani. Kwa hiyo video ilipotoka, mtazamaji hakuwa na haja ya kufundishwa lolote. Alikumbushwa utoto wake, na papo hapo akawa na la kusema. Ndani ya siku chache Twitter na Facebook zilijaa vichekesho kuhusu uwezo wa Makmende, watu wakamtengenezea majalada ya magazeti ya kubuni, na makala yake katika Wikipedia ikafutwa mara kadhaa kabla ya kukubaliwa, jambo ambalo nalo likageuzwa kichekesho kingine.

Wakati nao ulisaidia. Nyaya za intaneti za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009; kabla ya hapo Kenya ilitegemea setilaiti, na kuitazama video ya dakika nne mtandaoni lilikuwa zoezi la subira. Just a Band ilitandaza bidhaa yake asubuhi soko lilipokuwa linafunguliwa. Hata hivyo, wanamuziki wengine wengi walikuwa na intaneti hiyo hiyo mwezi huo huo, na hatuwataji leo.

Mfano wa pili ni Sauti Sol, bendi nyingine ya Kenya, na wimbo wao Sura Yako wa mwaka 2014. Humo mlikuwa na mchezo walioupa jina, Lipala, na ni mchezo ambao mtu wa makamo anaweza kuucheza harusini bila kuumia kiuno. Hilo si jambo dogo: mchezo mgumu hutazamwa, mchezo mwepesi huigwa. Mwaka huo huo bendi ilitwaa tuzo ya MTV Ulaya ya msanii bora wa Afrika, tuzo inayopigiwa kura mtandaoni na mashabiki, na mwezi Julai 2015 Rais Barack Obama alionekana akiucheza mchezo huo katika dhifa ya Ikulu ya Nairobi, kipande ambacho kilizunguka kila mahali.

Basi kaeni chini kabla ya kumwita muongozaji, mwandike kwenye karatasi jibu la swali hili: mtu wa kawaida atachukua nini kutoka kwenye video hii akakifanye nyumbani, kazini au kijiweni? Linaweza kuwa pigo la mguu, msemo, namna ya kuvaa kofia, au mzaha. Jibu likiwa ni kwamba watu wataipenda tu, bado hamjawa tayari kurekodi.

Hatua ya pili: Zilindeni sekunde 15 za mwanzo

Miaka kadhaa iliyopita nilisimamia bendi moja ambayo ilimaliza akiba yake yote kwa siku mbili za kurekodi. Wiki ya pili baada ya video kutoka, nilikuwa kinyozi, nikasikia wimbo wetu ukianza kwenye simu ya kijana aliyekuwa akisubiri zamu. Nikajisogeza taratibu nione. Kwanza ilipita nembo ya studio, kisha jina la muongozaji, kisha jina la mdhamini, halafu droni ikaanza kuielea bahari kwa madaha, mawimbi, minazi, mawimbi tena. Kidole gumba chake kilikuwa tayari kwenye kioo. Mwimbaji wetu alipotokea mchangani, kijana alikuwa ameshahamia kwenye video ya mtu anayekaanga mihogo. Hakuwa amechukia chochote, tulichelewa kufika.

Tangu siku hiyo, kila video ninayoisimamia huanza na sura ya mtu, sauti ya mtu au lile jambo la hatua ya kwanza, na nembo zote hupelekwa mwisho. Waongozaji hunung'unika. Waacheni wanung'unike, kwa sababu wao wanatafuta mteja anayefuata na ninyi mnatafuta mashabiki.

Hatua ya tatu: Msimalize fedha siku ya kurekodi

Tengeni angalau theluthi moja ya bajeti kwa ajili ya wiki sita baada ya video kutoka. Kama fedha hazitoshi, punguzeni mavazi na magari. Makmende hakuwa na gari la kifahari.

Hatua ya nne: Wekeni mlango wa kuingilia

Mfano wa Makmende una upande wa pili usiosemwa sana. Nimekutana na watu wengi wanaomjua mbabe yule vizuri na hawawezi kuitaja bendi iliyomleta. Video inaweza kuwa kubwa kuliko wenyewe, na mtazamaji akaondoka na kicheko bila kujua aliyemchekesha. Dawa yake ni ya kazi ndogondogo zinazochosha, lakini zifanyeni zote.

Tumieni jina moja, lenye tahajia moja, kwenye kila mtandao. Katika maelezo chini ya video, mstari wa kwanza uwe na jina la bendi na mahali mtakapopiga hivi karibuni, kwa kuwa mistari ya chini hufichwa mpaka mtu abonyeze. Andikeni majina ya wapigaji wote. Mpiga besi akitajwa, ukoo mzima utaituma video hiyo. YouTube huruhusu kuweka viungo vya video nyingine na kitufe cha kujiunga na chaneli katika sekunde 5 hadi 20 za mwisho, kwa hiyo mwambieni muongozaji mapema aache nafasi tulivu mwishoni ili vitufe visimfunike mwimbaji usoni. Kisha bandikeni juu ya maoni yote swali moja la kweli, lisiwe ombi la kusifiwa. Ulizeni, kwa mfano, bendi ije kupiga mji gani, na majibu myajibu kwa mkono kwa siku tatu za kwanza bila kumwachia kijana wa ofisini.

Hatua ya tano: Katakata vipande

Siku ya kurekodi, mtu mmoja awe na simu iliyosimamishwa wima, kazi yake ikiwa ni kuchukua yale yanayotokea pembeni: mpiga ngoma akikosea na kucheka, mwimbaji akifundishwa hatua za mchezo, mvua ikiwakimbiza. Vipande hivi vya uwiano wa 9 kwa 16 vitatolewa kimoja kimoja, viwili au vitatu kwa wiki, na kila kimoja kielekeze kwenye video kamili. Kile kinachoonyesha mchezo polepole, hatua kwa hatua, ndicho ambacho mara nyingi hufanya kazi kuliko vingine.

Hatua ya sita: Msiwafungie wanaowasambazia

Hapa nitaazima mfano kutoka Marekani. Mwaka 2006 bendi ya OK Go ya Chicago ilitoa video ya vijana wanne wakicheza juu ya mashine nane za kukimbilia, iliyochukuliwa kwa mkupuo mmoja na kamera iliyosimama tuli. Ilienea kwa sababu wenye blogu waliweza kuibandika kwenye kurasa zao. Baadaye kampuni yao ya muziki, EMI, ikazuia video kubandikwa kwenye kurasa za wengine ili watazamaji waje YouTube ambako kulikuwa na malipo. Mwimbaji wa bendi aliandika hadharani mwaka 2010 kwamba idadi ya watazamaji wa kila siku ilianguka kwa asilimia 90. Mwaka huo huo bendi ikaachana na kampuni hiyo. Mtu akiutumia wimbo wenu kwenye video ya harusi ya dada yake, mshukuruni na mwombe aitaje bendi, msikimbilie kumwondoa.

Hatua ya saba: Someni takwimu, lakini zile sahihi

Idadi ya watazamaji ni ya kuwaonyesha wazazi. Ninyi angalieni mchoro unaoonyesha sekunde ambayo watu wanaondoka, miji wanakotoka, na wangapi walirudi kutazama video nyingine. Mji ukijitokeza kwa wiki tatu mfululizo, tafuteni ukumbi huko.

Maswali ya wanachama

Swali kutoka Mwanza: Tumepewa ofa ya kununua watazamaji laki moja. Je, haisaidii kuwavutia wengine?

Hapana. YouTube huwaondoa watazamaji bandia inapowagundua, na hata wasipogunduliwa, wao hutazama sekunde chache na kuondoka, hivyo mtambo wa YouTube unaopendekeza video hujifunza kwamba yenu haiwashiki watu. Zaidi ya hayo, mtaipanga safari ya kwenda kupiga mahali ambapo hakuna mtu. Nimeshuhudia ukumbi wa watu 19, pamoja na wahudumu.

Swali kutoka Zanzibar: Mwalimu, shikamoo. Sisi ni kikundi cha taarabu na nyimbo zetu zina dakika kumi na zaidi. Somo hili linatuhusu?

Marahaba. Linawahusu kuliko wote, kwa sababu ninyi mnayo hatua ya kwanza tangu zamani. Ubeti wenye kijembe hufanya kazi ile ile inayofanywa na jina la kanga: mwanamke huuchukua akausema kwa jirani bila kulitaja jina lake. Pakieni wimbo mzima, kisha tafuteni ule ubeti ambao ukiimbwa ukumbini watu huinuka kwenda kutuza, muukate peke yake, na maneno yake yaandikwe chini ya picha kwa herufi kubwa ili mtu aweze kuuweka kwenye hali yake ya WhatsApp. Kuna atakayejua umemlenga yeye.

Swali kutoka Mombasa: Studio imeipakia video yetu kwenye chaneli yake na imepata watazamaji wengi. Tufanye nini?

Kwa video hiyo, ombeni jina la bendi liwe mwanzoni mwa kichwa na kiungo cha chaneli yenu kiwe mstari wa kwanza wa maelezo. Kwa video zijazo, liandikeni jambo hilo kwenye mkataba kabla ya kulipa malipo ya awali. Waliojiunga na chaneli ya studio wataarifiwa studio itakapotoa wimbo wa bendi nyingine, nanyi hamtaarifiwa lolote.

Swali kutoka Dodoma: YouTube huanza kulipa lini?

Ili kupata mgawo wa matangazo, chaneli inahitaji watu 1,000 waliojiunga pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Fanyeni hesabu: ikiwa kila mtu anatazama dakika mbili, saa 4,000 ni kutazamwa mara 120,000. Kwa bendi changa, fedha za onyesho moja lililojaa zinaweza kuwafikia mapema zaidi.

Swali kutoka Kigoma: Mashabiki wetu wengi hawana bando la kutazama video. Tunawafikiaje?

Wapeni sauti peke yake kwenye WhatsApp, na mwanzoni mwa faili hilo mwimbaji aseme kwa maneno yake jina la bendi, jina la wimbo na siku ya onyesho linalofuata, kwa sababu faili hubadilishwa jina mara tu linapotoka mikononi mwenu. Sauti ya mwimbaji haibadilishwi. Video waonyesheni kwenye vibanda vya kuonyeshea mpira wakati wa mapumziko. Mwenye kibanda mpeni flashi na tiketi mbili.