Betri ya Massey Ferguson 135: ninavyochagua mimi

Trekta langu, Massey Ferguson 135 lenye injini ya Perkins ya silinda 3, linalima Babati. Asubuhi za Julai baridi ni kali, na dizeli haiwashwi kwa cheche: stata lazima izungushe injini kwa kasi mpaka hewa iliyobanwa ipate joto. Kwa hiyo usivutwe na bei. Niliwahi kufunga betri ya gari dogo, ikaniacha shambani mbegu ziko mkononi. Sasa nanunua ya volti 12, Ah 100 (Ah ni kipimo cha umeme ambao betri inaweza kutunza). Kabla hujalipa, pima kwa futi trei inapokaa betri, uangalie nguzo ya chanya (+) iko upande gani. Waya usipofika, betri haikufai. Soma tarehe ya kutengenezwa. Iliyokaa dukani mwaka mzima naiacha. Wakati wa kufunga, waya wa bodi, ule unaofungwa kwenye chuma cha trekta, uwe wa mwisho.