Msusi wako asihamie saluni ya jirani

Wasusi wengi hugombana na bosi kwenye hesabu za jioni, kwa hiyo anzia hapo. Weka daftari moja mezani. Kila kazi iandikwe mteja akiwa bado kitini: msusi, bei, vifaa. Rasta za sh 40,000, nywele zimegharimu 12,000, zinabaki 28,000. Mkiwa mmekubaliana nusu kwa nusu, msusi anachukua 14,000. Kinachoharibu ni bosi kukata umeme, maji na "mengineyo" bila kutaja kiasi. Makato yote yaandikwe siku anayoanza kazi, na siku ya malipo isihamehame.

Wateja wasio na miadi wagawiwe kwa zamu iliyobandikwa ukutani. Ukimpa mpwa wako kila mteja mnono, wengine wataanza kugawa namba zao za simu kimyakimya. Wakiondoka, wateja wanawafuata.

Kazi ikiharibika, rekebisha bila maneno mbele ya mteja. Karipio lisubiri mbaki wawili, na litaje kosa moja tu: dawa imepitiliza muda ulioandikwa kwenye kopo. Usichanganye na kuchelewa kwa juzi.

Mazungumzo ya kumwongezea msusi asilimia yafanyike Oktoba; Desemba atakuwa ameshaitwa kwingine.