Mzee wako karekodiwa na klipu iko mtandaoni, anzia hapa

Mwaka jana usiku mmoja binamu yangu kanitumia skrinishoti ya statasi ya dada tuliyemuajiri amwangalie bibi pale Tandika. Bibi kapooza upande mmoja na kumbukumbu zinaenda zinarudi, sasa kwenye ile video kanga imemvuka, anamwita mwanae aliyefariki zamani, na nyuma unasikia watu wawili wanacheka. Nilitetemeka jamani. Nikampigia yule dada palepale nikafoka, na ndani ya dakika moja video ikafutwa, kwaiyo tulivyofika serikali ya mtaa kesho yake tulikuwa na skrinishoti moja yenye ukungu na yeye anasema alikuwa anamchekesha tu bibi.

Ndo maana nasema usipige simu kwanza. Najua damu inachemka ila shika simu yako urekodi skrini video yote mwanzo mwisho, ionekane jina la akaunti, namba, tarehe na saa, na maneno aliyoandika juu yake, alafu kama ni TikTok au Instagram nakili na linki. Statasi ya WhatsApp inakaa saa 24 tu, na mwenyewe kwa kawaida anaona nani kaangalia, ukiingia mara kumi atashtuka afute, we ingia mara moja ukiwa umeshawasha kurekodi. Andika pembeni umeionea wapi na nani alikuonyesha.

Afu usiitume popote. Hapa ndo ndugu wengi tunakosea, mtu kwa uchungu anairusha kwenye grupu la ukoo, "angalieni walichomfanya bibi", grupu lina watu themanini, kufika asubuhi iko kwa majirani Temeke nzima na stara ya mzee imevuliwa mara ya pili na watu wa damu yake. Shangazi akitaka kuona mwonyeshe kwenye simu yako, aone, basi.

Usiku huohuo hakikisha aliyerekodi habaki peke yake na mzee, maana anayeweza kucheka mtu yuko uchi mi siamini kwamba kwenye kulisha na kubadilisha pampasi ana huruma. Mwangalieni mwili kama ana michubuko au vidonda vya kulala. Na kama mzee ana akili zake timamu mwambieni kilichotokea. Wengi watasema asijue ataumia, mi nakataa, mwili ni wake na heshima ni yake, kaa nae mkiwa wawili, muulize anataka tufanyeje. Bibi siku kichwa kimetulia aliniambia kitu kimoja tu, "nilijua wananicheka, sikujua na nyie mmeona."

Kwenye kuripoti anza na programu yenyewe, bonyeza ripoti na chagua unyanyasaji au picha ya utupu, waambie na ndugu wachache waripoti. Ikiwa mzee yuko kwenye makazi ya wazee, ya serikali kama Nunge kule Kigamboni au ya watu binafsi, onana na msimamizi na peleka barua iliyoandikwa, ibaki nakala kwako yenye saini ya aliyepokea, maneno ya mdomo yanapotea. Afisa ustawi wa jamii wa kata au manispaa anahusika pia. Polisi nenda na ushahidi wako, chukua RB, ile namba ya taarifa yako polisi, waambie ni kosa la mtandaoni kwa sababu Tanzania tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu 2015. Na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, picha ya mzee na hali ya ugonjwa wake ni taarifa zake binafsi, kwaiyo kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ambayo inapokea malalamiko.

Na usidhani ni ujinga wa huku kwetu tu. Marekani waandishi wa ProPublica mwishoni mwa 2015 walitoa visa 35 vya kuanzia 2012, wahudumu wa nyumba za wazee wanapiga picha za aibu, wengine wazee wako uchi, na kuzirusha Snapchat na kwingineko. Agosti 2016 serikali yao ikaagiza wakaguzi waangalie kama kila nyumba ina utaratibu wa kukataza hayo mambo. Kwao ilibidi iandikwe kabisa, na mi naona hata sisi tuandike, hata kama ni karatasi moja ya daftari.

Yaani siku unaajiri msaidizi, kabla ya kuongelea mshahara, kaeni mbele ya mzee mkubaliane: hakuna picha wala video ya mzee bila yeye kukubali, na kama hawezi kukubali basi hakuna kabisa. Kwenye makazi uliza wageni wanaoleta sabuni na mchele na kamera wanaruhusiwa kupiga nini, maana mzee akishapewa kilo mbili za mchele atasema vipi hapana? Na sisi wajukuu tujiangalie, zile klipu za "bibi yangu ana vituko" anapochanganya majina, yule dada alizikuta kwenye simu zetu kabla hajaposti ya kwake. Mi nilikuwa nazo tatu. Nimezifuta, nikamwomba bibi msamaha.

Sasa hivi nyumbani bibi akienda kuogeshwa simu zote zinapanda juu ya friji, ya msaidizi mpya, ya shangazi na ya kwangu.