Unataka makabati ya jikoni ya punguzo kiwandani? Angalia haya kabla hujalipia

Kwa wanaojenga huku Dar, Goba, Madale, Kigamboni na kwingineko, jikoni huwa linafikiwa hela imeshakata, bati limekula, vigae vimekula, madirisha ndo usiseme, halafu mtu anasikia kuna kiwanda Barabara ya Nyerere kinatoa makabati kwa nusu bei, anatafuta kirikuu anaenda kubeba. Mi sikatai, makabati ya kiwandani mara nyingi yamekatwa na mashine, yamenyooka, na ukiyapata kwa bei iliyoshuka umeokoa hela ya maana. Ila kabla ya kuangalia rangi, kabla hata ya kuuliza mwisho shilingi ngapi, uliza swali moja tu: hili limeshushwa bei kwa sababu gani?

Manake sababu ziko za aina mbili na hazifanani hata kidogo. Kuna sababu zinazotokana na jikoni la mtu mwingine, kwamba mteja aliagiza akaghairi, au vipimo vilichukuliwa vibaya kwake, au ile rangi kiwanda hakiitengenezi tena. Hapo kabati lenyewe ni zima, halikumfaa yule tu. Halafu kuna sababu zinazotokana na kabati lenyewe: lilikaa shorumu muda mrefu linafunguliwa na kila anayepita, likang'olewa likafungwa tena, au lililowana stoo. Aina ya kwanza nunua bila wasiwasi. Aina ya pili hata likipunguzwa vipi, fikiria mara mbili, manake unachopunguziwa leo utamlipa fundi baadaye.

Sasa vipimo, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo panapoumiza wengi. Makabati ya punguzo huyachagulii saizi, unachukua yaliyopo, kwa hiyo jiko lako lazima liwe kwenye karatasi kabla hujatoka nyumbani. Pima kila ukuta chini, katikati na juu, andika ile ndogo kuliko zote, manake kuta zetu za tofali zikishapigwa plasta hazinyooki hivyo. Pima baada ya plasta na vigae vya ukutani, sio kabla. Kona nazo zipime: weka alama sm 60 kutoka kwenye kona upande mmoja, sm 80 upande wa pili, halafu pima kutoka alama mpaka alama, ikitoka sm 100 kamili kona iko sawa, ikipishana kidogo inarekebishika, ikipishana sana mwambie fundi mapema kwa sababu makabati ya kona yatakusumbua. Chora pia bomba za maji zinapotokea, bomba la maji machafu, soketi, na dirisha linaanzia urefu gani. Makabati ya chini pamoja na kaunta huwa yanafika sm 85 mpaka 90 na yana kina cha kama sm 60, kwa hiyo dirisha likianzia chini ya hapo kaunta inapita mbele ya kioo.

Upana wa makabati ya kiwandani mara nyingi unaenda sm 30, 40, 45, 60, 80, 90. Ukuta wako ukiwa mita 3.2 na seti ni mita 3, poa, zile sm 20 zinazibwa na kipande cha bodi au unaweka kishubaka cha kusimamisha sinia. Ukuta ukiwa mita 3.2 na seti ni mita 3.3 achana nayo hata kama imeshuka vipi, manake kukata kabati lililokwisha kufungwa maana yake unakata na mlango, na mlango uliokatwa rangi yake na pembe yake haviwi tena kama vya kiwandani. Na jiko lako la kupikia ni lipi? Seti nyingi za shorumu zimepangwa kwa jiko la kuzamisha kwenye kaunta, sasa wewe una jiko la kusimama lenye oveni la sm 60, maana yake kuna kabati moja halina pa kukaa na umelilipia. Friji hivyo hivyo, pima na mlango wake ukiwa wazi.

Ukifika kiwandani usianze na milango, milango siku zote inapendeza. Anza chini ya kabati la sinki. Piga magoti kabisa, washa tochi ya simu, angalia ubao wa chini na zile kingo ambazo hazionekani ukiwa umesimama, pitisha kidole gumba. MDF au chipbodi (bodi za nyuzi au chembe za mbao na gundi) iliyowahi kunywa maji inavimba pembeni, unahisi kidole kinapanda kama kwenye tuta dogo, na ikishavimba hairudi hata ikikauka. Dar unyevu ni mwingi mwaka mzima, na sisi jikoni tunadeki kwa maji ya kumwaga, sio kufuta tu na kitambaa, kwa hiyo kabati linalokaa moja kwa moja sakafuni halina maisha marefu. Dai yenye miguu ya plastiki ya kurekebisha urefu, sm 10 mpaka 15, maji yapite chini yake. Marini bodi, yaani plaiwudi ya gundi inayostahimili maji, inavumilia maji kuliko MDF ya kawaida, hasa pale chini ya sinki. Ukiambiwa hii MDF ni ya kijani kwa hiyo haiingii maji, jua kwamba ile kijani ni rangi tu ya kuitambulisha, kinachosaidia ni aina ya gundi iliyomo, na hata hiyo inavumilia unyevunyevu, sio kuloweshwa.

Halafu ejingi, ule utepe wa pembeni. Uangalie mpaka kingo za nyuma na za chini, viwanda vingine vinabandika mbele tu panapoonekana na nyuma wanaacha bodi wazi, na huko nyuma ndo unyevu na mende wanapoingilia. Ukipitisha ukucha ukaona utepe unanyanyuka ujue gundi imeshachoka.

Kwa kabati lililokuwa shorumu, mwombe muuzaji afungue skrubu moja ya bawaba uone tundu lake. Chipbodi ni chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, skrubu ikitolewa na kurudishwa mara kadhaa tundu linalegea, mlango unaanza kuinama ndani ya miezi tu. Fungua mlango nusu, ushike kwa chini uunyanyue taratibu, ukicheza hapo tayari bawaba au tundu limekwisha. Droo ivute mpaka mwisho uikandamize kwa mkono mbele, fikiria ndo imejaa masufuria. Reli na bawaba zikiwa mbovu lakini bodi ni nzima, hiyo sio sababu ya kukataa, hivyo vinabadilishika, ombea punguzo lingine hapo hapo.

Ingiza pua ndani ya kabati pia, kwa kweli. Harufu kali inayowasha macho mara nyingi inatokana na formaldehaidi, kemikali iliyo kwenye gundi, na shirika la utafiti wa saratani la Shirika la Afya Duniani (WHO), IARC, linaiweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Uliza kama bodi ni ya daraja la E1, ambalo lina formaldehaidi ndogo kuliko E2. Mwenye watoto wadogo au mtu mwenye pumu nyumbani hili asilipite juujuu.

Kama unapanga graniti juu, jua kwamba ya unene wa sm 2 ina uzito wa kama kilo 54 kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo makabati ya chini lazima yawe na mbavu za kueleweka, bodi ya milimita 16 au 18. Ya juu nayo yanataka ukuta wa tofali na fisha nzuri (kile kiplastiki cha kushikia skrubu ukutani), ukuta wa jipsamu mtupu haubebi kabati lenye sahani. Mtungi wa gesi ukiuweka ndani ya kabati hakikisha kuna matundu ya hewa chini kabisa, gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia chini inasubiri cheche. Afadhali zaidi mtungi ukae nje.

Bei sasa. Jumlisha usafiri, fundi wa kufunga, kaunta, sinki na vipande vya kuzibia, halafu ndo ulinganishe na fundi wa Keko, kule kwa mafundi wa samani, anayekuja kupima kwako na kutengeneza kwa saizi yako, manake wakati mwingine tofauti inabaki ndogo na ya Keko imekaa kwenye kona zako vizuri zaidi. Uliza kama VAT imo kwenye bei, chukua risiti ya EFD, na orodha iandikwe: milango mingapi, shelfu ngapi, bawaba, miguu, vishikio. Hesabu vyote kabla gari halijaondoka, manake vitu vya punguzo wengi hawarudishi. Rangi ikiwa imesitishwa nunua mlango mmoja na kipande cha bodi vya akiba, ukiharibika mmoja baadaye hutapata wa kufanana popote.

Msimu wa masika usikubali yasafirishwe bila turubai, hata kama ni mbali kidogo tu. Na yakifika fundi hajaja, yapange juu ya mbao au matofali, mbali na ukuta uliopigwa plasta juzi, manake plasta mbichi bado inatoa maji na bodi itayavuta.