Mkono kufa ganzi usiku: anza na vidole, mazoezi baadaye

Wasusi na mafundi cherehani huja na malalamiko yaleyale: "Usiku mkono unakufa ganzi, naamka naukung'uta." Mara nyingi ni neva inayobanwa kwenye kifundo cha mkono, inakopita njia nyembamba pamoja na kano 9 za vidole (kamba zinazounganisha misuli na mifupa). Utando wa kano ukivimba, neva ndiyo inayoumia.

Hatua ya 1: Ni vidole vipi? Gumba, shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete: tatizo liko kifundoni. Kidole cha mwisho na nusu ya cha pete: angalia kiwiko. Maumivu yakishuka kutoka shingoni, huenda chanzo ni shingo, na mazoezi ni mengine kabisa. Aliyopewa jirani yako yaache.

Hatua ya 2: Jipime. Gusanisha migongo ya viganja mbele ya kifua, vidole vikielekea chini, kwa sekunde 60. Ganzi ikiingia vidole vilevile, dalili hiyo.

Hatua ya 3: Usiku kwanza. Lala na gango la mkono (kifaa kigumu kinachozuia kifundo kukunjika), kifundo kimenyooka, kwa wiki 6 hivi. Wengi huidharau hatua hii kwa sababu haifanani na tiba; mimi naiweka mbele ya mazoezi yote. Bendeji ya kukaza sana haifai, inazidi kubana.

Hatua ya 4: Telezesha neva. Neva husogea mkononi kama kamba ndani ya pindo la suruali. Ukiivuta kwa nguvu inakasirika. Kunja ngumi, kifundo kimenyooka. Fungua vidole. Rudisha kifundo nyuma taratibu. Tanua gumba. Geuza kiganja juu. Kila mkao sekunde chache, mzunguko mara 5, asubuhi na jioni. Mchomo ukibaki baada ya kuachia, umezidisha: punguza.

Hatua ya 5: Kazini. Msusi, pandisha kiti cha mteja ili usisuke vifundo vikiwa vimekunjwa. Fundi, noa mkasi.

Nyama ya chini ya gumba ikipungua, vikombe vikikuponyoka, au ganzi ikishinda nawe mchana kutwa, nenda kwa daktari bila kungoja hizo wiki 6. Pima na sukari ukiwa huko. Mjamzito asiwe na haraka ya upasuaji: mara nyingi hali hii hupungua baada ya kujifungua.